Mefiboshethi hakuitwa Mefiboshethi

Saa nane usiku, mkesha wa Ijumaa, mhubiri ameshavua koti na leso ya jasho imelowa yote, akasema sasa namtafuta mtu mmoja humu ndani anaitwa Shida. Au Tabu. Au Mashaka, Mateso, Majuto, yeyote mwenye jina la namna hiyo apite mbele maana usiku huu Mungu anafuta jina. Mzee niliyekaa naye benchi moja akainuka. Jina lake silitaji hapa, ila ni mojawapo ya hayo. Akaenda mbele taratibu maana goti linamsumbua siku nyingi, na mhubiri alipoona anachechemea akashika maiki kwa mikono miwili akapiga kelele: "Mefiboshethi huyo!"

Kanisa likalipuka.

Mahubiri yenyewe mnayajua. Mefiboshethi, yule mjukuu wa mfalme Sauli aliyekuwa kiwete wa miguu, jina lake maana yake aibu, wazazi walimtamkia aibu, aibu ikamvunja miguu ikampeleka Lo-debari mahali pasipo na kitu, kwa hiyo ewe mpendwa badilisha jina uondoke Lo-debari yako. Mzee akawekewa mikono, akatangazwa kuanzia leo ni Baraka, vigelegele, akarudi kukaa.

Kulipokucha tukawa tunakunywa chai ya tangawizi pale nje.

"Shikamoo mzee. Sasa tukuiteje?"

"Marahaba mwanangu. We niite la siku zote tu, huyo mwingine bado sijamzoea." Akacheka. "Kitambulisho cha NIDA kina lile lile, karatasi za kiwanja lile lile, na mama watoto keshasema yeye hawezi kuanza upya uzeeni." Halafu akapuliza chai akauliza, safari hii hacheki: "Ila we kijana unayesomasoma, hivi kweli mtu anaweza kuzaa mtoto wake wa kiume akamwita Aibu?"

Sikuwa na jibu. Hilo swali nimetembea nalo wiki kadhaa, nalala nalo naamka nalo, mpaka nikaona bora niandike.

## Ukoo mzima wa aibu?

Maana ukilikalia, swali la mzee lina akili kuliko mahubiri yote ya usiku ule. Baba wa huyu mtoto ni Yonathani. Mwana wa mfalme, mpiganaji, yule aliyepanda jabali kwa mikono na miguu yeye na mbeba silaha wake tu wakawavamia Wafilisti. Mtoto pekee wa Yonathani anayetajwa kwa jina kwenye Biblia ndo huyu. Sasa mtu kama huyo, kapata kidume, anakishika mikononi, anasema huyu tumwite Aibu?

Na wala si yeye peke yake. Baba yake mdogo, yule aliyewekwa na Abneri, jemadari wa Sauli, kuwa mfalme kule Mahanaimu baada ya Sauli kufa, ni Ishboshethi, yaani mtu wa aibu. Ukifika 2 Samweli 21 unakuta Sauli alizaa na suria wake Rispa mtoto mwingine, naye pia ni Mefiboshethi (wengi hatujui kama wako wawili, na huyu wa Rispa ndo alitolewa kwa Wagibeoni akauawa, wa Yonathani akanusurika kwa sababu ya kiapo cha Daudi na Yonathani). Watu watatu ukoo mmoja, ukoo wa kifalme, wote aibu aibu aibu.

Haiingii akilini.

## Ile orodha tunayoirukaga

Tuseme ukweli, 1 Nyakati nani anaisoma? Sura 9 za mwanzo ni majina matupu, fulani akamzaa fulani, ukiwa kwenye mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja pale ndo unapofia. Ila jibu la mzee limekaa palepale, sura ya 8 mstari wa 33 na 34. Sauli akawazaa Yonathani, Malkishua, Abinadabu na Eshbaali. Mwana wa Yonathani alikuwa Merib-baali, na Merib-baali akamzaa Mika.

Eshbaali ndo Ishboshethi. Merib-baali ndo Mefiboshethi. Huna haja ya kubahatisha, maana 2 Samweli 9 nayo inasema Mefiboshethi alikuwa na mtoto mdogo anaitwa Mika. Mtu ni yule yule, baba yule yule, mtoto yule yule, jina ndo tofauti. Pale palipokuwa na Baali pamewekwa boshethi, na boshethi ndo aibu kwa Kiebrania. Kuna hata nakala za kale za Kigiriki za kitabu cha Samweli ambazo mpaka leo zinasoma Memfibaali, yaani huko hakuna aliyepita kufuta.

Kwa hiyo Yonathani hakumwita mtoto wake Aibu, jina hilo alibandikwa baadaye na mtu mwenye kalamu.

Nikaenda kuitupia hiyo kwenye grupu letu la WhatsApp la usharika nikijua nimemaliza kazi. Kumbe nimewasha moto. Mzee wa kanisa mmoja akajibu sauti ya dakika nzima: kwa hiyo unatuambia Yonathani, rafiki wa Daudi, alimpa mtoto jina la Baali? Si afadhali hata hiyo aibu!

Na hapo nikakwama kweli.

## Baali yupi?

Maana sisi tukisikia Baali picha inayokuja ni moja tu, Eliya mlima Karmeli na wale manabii 450 wanaojikatakata visu. Ila neno lenyewe kabla halijawa jina la mungu wa mtu lilikuwa neno la kawaida kabisa la nyumbani na sokoni. Baali ni mwenye kitu. Mwenye ng'ombe ni baali wa ng'ombe. Mume ni baali. Ndugu zake Yusufu walivyomwona anakuja wakasema yule pale mwota ndoto anakuja, Kiebrania chake ni baali wa ndoto. Na hii ndo iliyonimaliza: 2 Wafalme 1, mfalme Ahazia anauliza huyo mtu mliyekutana naye yukoje, wanamwambia ni baali wa manyoya. Wanamwongelea nani? Eliya! Adui namba moja wa Baali duniani, na anaelezwa kwa neno hilo hilo na hakuna anayeshtuka.

Wasomaji wangu Waislamu hawatashangaa sana hapa. Sura Hud aya ya 72, mke wa Ibrahim anastaajabu atazaaje naye ni mzee na mumewe, baali wake, ni mzee pia. Halafu As-Saffat 125 Ilyasi anawauliza watu wake mnamwomba Baali? Neno moja, kitabu kimoja, mahali pamoja ni mume na pengine ni sanamu.

Sisi tunaoongea Kiswahili ndo tuna bahati zaidi kuielewa hii, maana tuna Bwana. Bwana ni mume wa mtu, bwana shamba, bwana harusi, bwana mkubwa ofisini, na Bwana Yesu asifiwe, na hakuna anayechanganya. Sasa fikiria lingetokea taifa jirani lina sanamu lao limepewa jina Bwana, wanalitolea watoto kafara. Ungeendelea kuomba "ee Bwana" kwa raha ile ile? Na vizazi viwili vitatu baadaye, mjukuu wako akikuta kwenye karatasi za ukoo babu aliitwa Mtumwa-wa-Bwana, atawaza nini?

Ushahidi kwamba Waisraeli wa zamani zile waliweza kumwita Mungu wao Baali bila nia mbaya upo, na uko humo humo kwenye yale majina tunayoyaruka. 1 Nyakati 12:5, kati ya mashujaa waliomfuata Daudi kule Siklagi, yupo mmoja anaitwa Bealia. Livunje: Baali, halafu Ya, ile Ya ya haleluya. Yahwe ni Baali, yaani Yahwe ndiye Bwana. Jina zima ni ungamo la imani.

Na Daudi mwenyewe je? 1 Nyakati 14:7, kati ya watoto aliozaa Yerusalemu kuna Beeliada, Baali anajua. Nenda sasa 2 Samweli 5:16 umtafute mtoto huyo huyo. Utamkuta Eliada, Mungu anajua.

Nikairudisha kwenye grupu. Safari hii kimya.

## Mtungi

Kuna kitu kilichimbuliwa Israeli mwaka 2012, mahali panaitwa Khirbet Qeiyafa, mji wa kale wenye ngome juu ya bonde la Ela, bonde lile lile la Daudi na Goliathi. Vipande vingi vya mtungi vilivyovunjika, vikaungwa kimoja kimoja, ikaonekana mtungi ulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwenye udongo kabla haujachomwa. Mwaka 2015 Yosef Garfinkel wa Chuo Kikuu cha Kiebrania na Saar Ganor wa mamlaka ya mambo ya kale wakatangaza yamesomeka: Eshbaali mwana wa Beda.

Sio mtoto wa Sauli, huyu baba yake ni Beda. Ila ni zama zile zile, karibu miaka 1000 kabla ya Kristo, na jina ni lile lile. Kwa hiyo Eshbaali lilikuwa jina la watu kweli, mtu alilichora kwenye udongo mbichi bila kuona haya.

Na huko Samaria, kaskazini mwa Israeli, mwaka 1910 walikuta vigae vya karne ya 8 K.K. vyenye kumbukumbu za mvinyo na mafuta yaliyokuwa yanaletwa, na kwenye majina ya watu humo kuna akina Baali kibao, Meribaali mmojawapo. Wakati huohuo majina ya Yahwe nayo yamejaa. Walikuwa wanaishi mtaa mmoja, pengine nyumba moja, kama Sauli alivyokuwa na Yonathani, Yahwe ametoa, na Eshbaali kwenye sebule moja.

Mambo yakageuka. Hosea alihubiri huko huko kaskazini karne hiyo hiyo ya 8, na sura ya 2 anasema waziwazi siku inakuja Israeli atamwita Mungu mume wangu na hatamwita tena Baali, na majina ya Mabaali yataondolewa kinywani mwake. Anatumia neno la ndoa maana yote mawili yalikuwa maneno ya mke kumwita mumewe, anachokataa ni hilo moja lililoshachafuka. Sura ya 9 anaenda mbali, anasema baba zenu walikwenda Baal-peori wakajiweka wakfu kwa boshethi. Yeremia 11 naye anaweka vyote pamoja, madhabahu za aibu, madhabahu za Baali. Tayari neno moja limeshakalia kiti cha lenzake.

Ukitaka kuona ilivyofika mbali angalia Warumi 11:4, Paulo anaposema watu 7,000 hawakumpigia Baali magoti. Kwenye Kigiriki ameliweka hilo jina kwa sarufi ya kike wakati Baali ni dume. Wataalamu wengi wanasema ni kwa sababu msomaji akifika hapo hatamki Baali, anatamka aibu, na neno aibu la Kigiriki ni la kike.

Waandishi waliokuwa wananakili vitabu wakawa wanatii Hosea. Wakifika kwenye jina, wanaondoa.

## Walivyosahau huku na kule

Na hawakuwa waangalifu kihivyo, ndo maana tunawakamata. Gideoni alipewa jina Yerubaali kwenye Waamuzi 6, na hapo hawakuligusa kwa sababu hadithi nzima ya jina ni kwamba alibomoa madhabahu ya Baali. Ila nenda 2 Samweli 11:21, Yoabu, jemadari wa Daudi, anatuma habari kutoka vitani anataja Abimeleki mwana wa Yerubeshethi. Yerubeshethi ni nani? Hakuna mtu aliyewahi kuitwa hivyo. Ni Gideoni, kafutiwa Baali, miaka mingi baada ya kufa, kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Kuna mtaalamu, Matitiahu Tsevat, mwaka 1975 alipinga haya yote. Akasema kuna neno la Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, linalofanana na boshethi na maana yake ni heshima, nguvu, hata mlinzi wa mtu, kwa hiyo huenda Mefiboshethi lilikuwa jina halali na zuri tu tangu mwanzo. Nilivyosoma nilipenda iwe kweli, sikatai. Jina la aibu linageuka la heshima, mhubiri gani asingelipenda? Lakini Yerubeshethi ananizuia. Kama kwa Gideoni tunaona wazi kalamu imepita, mimi naona ilipita na kwa hawa wengine. Huo ni mtazamo wangu.

Kwa nini Nyakati haikuguswa wakati ndo kitabu cha baadaye zaidi? Maelezo ninayoyaona ya kawaida ndo yanayonitosha: Samweli ilikuwa inasomwa mbele za watu, hadithi tamu, kila mtu anaisikiliza. Orodha za Nyakati nani aliyekuwa anazisikiliza. Uvivu wetu wa kuruka majina ni wa zamani sana, na ndo uliookoa jina la huyu bwana.

## Ila mhubiri naye ana hoja

Sitaki kumwonea. Biblia inabadili majina, tena sana. Abramu, Sarai, Yakobo. Na ile inayogusa kabisa ni Mwanzo 35, Raheli anakufa na uchungu wa uzazi, pumzi ya mwisho anamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, na Yakobo pale pale juu ya maiti ya mke wake anasema hapana, huyu ni Benyamini. Na Mefiboshethi ni wa kabila gani? Benyamini! Kabila zima limesimama juu ya jina lililobadilishwa na baba aliyekataa mtoto abebe msiba.

Kwa hiyo mzee wangu wa benchi akitaka kuitwa Baraka mimi ni nani. Ingawa tunajua majina kama yake yalivyotolewa: mwaka wa njaa, baba kafungwa, watoto watatu wametangulia kufa. Bibi anaweka kumbukumbu kwa njia pekee aliyonayo, wala hamlaani mjukuu.

Ninachokataa ni hiyo hesabu ya jina likavunja miguu. Biblia imesema kilichovunja miguu, 2 Samweli 4:4, na ni ajali. Mtoto ana miaka 5, habari imekuja kutoka Yezreeli kwamba babu na baba wamekufa siku moja, mlezi anamnyakua anakimbia, kwenye haraka mtoto anaanguka. Yule mama alikuwa anajaribu kumwokoa. Laana haijatajwa hata kwa herufi moja.

Na Lo-debari kuwa jangwa la umaskini? Alikuwa anaishi nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli. Huyo Makiri tunakutana naye tena 2 Samweli 17, Daudi anamkimbia Absalomu, mwanawe aliyemwasi, na Makiri na wenzake wawili wanamletea vitanda, mabakuli, ngano, shayiri, unga, maharagwe, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Pasipo na kitu wapi, hapo si palikuwa na stoo!

Halafu Daudi. Alivyoletewa kijana wa Yonathani akaanguka kifudifudi, neno la kwanza alilotamka Daudi ni jina lake tu. Kitabu kinasema Mefiboshethi, lakini Daudi mwenyewe siku ile alitamka nini? Merib-baali. Akamrudishia mashamba yote ya Sauli, akamkalisha mezani kama mmoja wa wana wa mfalme, na jina hakumbadilisha. Nyumba hiyo hiyo kulikuwa na Beeliada anakula pembeni.

## Kilichomuumiza kweli

Aliyemmaliza Mefiboshethi ni Siba. Mtumishi mwenye wana 15 na watumwa 20, aliyepewa kazi ya kumlimia. Siku ile Daudi anamkimbia Absalomu, Siba anatokea na punda wawili wamebeba mikate na zabibu na divai, anamwambia mfalme bwana wangu amebaki Yerusalemu, anasubiri arudishiwe ufalme wa babu yake. Daudi bila kuuliza mara ya pili anasema basi vyote ni vyako.

Daudi anarudi, anamkuta Mefiboshethi hajaosha miguu, hajachana ndevu, hajafua nguo tangu siku mfalme alipoondoka. Anajieleza, nilisema nitandikiwe punda, mtumishi wangu akanidanganya, mimi ni kiwete. Na Daudi anamwambia mbona maneno mengi, gawaneni shamba wewe na Siba. Nusu kwa nusu na mtu aliyekusingizia! Mimi hapa huwa namkasirikia Daudi kila nikisoma. Mefiboshethi akasema achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama.

Baada ya hapo anatajwa tu pale Daudi alipomwokoa asiuawe na Wagibeoni, kisha kitabu cha Samweli kinamwacha.

Orodha haimwachi. 1 Nyakati 8 inaendelea: Merib-baali akamzaa Mika, Mika akazaa wanne, Pithoni, Meleki, Tarea na Ahazi, na kupitia kwa Ahazi inashuka kizazi baada ya kizazi mpaka kwa Esheki na mwana wake wa kwanza Ulamu. Wana wa Ulamu, inasema, walikuwa mashujaa wapiga upinde, wenye wana na wajukuu wengi, watu 150. Upinde ndo silaha ya Yonathani, ndo Daudi alioutaja kwenye maombolezo yake. Na wote hao 150 wametoka kwa yule asiyeweza kusimama.